Usikilaumu kiondo, ilaumu taa

Katika nyumba nyingi za hapa Machakos, kazi ya mikono huanza pale kazi nyingine zote zinapokwisha. Watoto wameshakula, vyombo vimeoshwa, na mbuzi wamefungiwa. Ndipo mama anapoketi, akanyoosha miguu na kuuvuta mkonge wake. Ndipo kijana anapofungua redio mbovu aliyoletewa na jirani, na baba anapotoa kisu chake cha kuchongea vijiko.

Tatizo ni kwamba saa hizo jua limekwisha kutua. Taa iliyopo ni balbu moja tu inayoning'inia katikati ya dari, na aghalabu fundi wetu ameipa mgongo. Kichwa chake mwenyewe ndicho kinachoizuia, na kivuli chake kinaangukia papo hapo anapotaka kuona. Basi huinama zaidi, macho yakakaribia sindano, shingo ikauma, na kesho yake akasema amezeeka.

Mpenzi msomaji, huenda hujazeeka. Huenda unafanya kazi gizani.

Nimelazimika kuiandika makala haya kwa sababu ya mama mmoja wa Mumbuni ambaye husuka vyondo na kuviuza kwa simu. Alisuka kiondo cha rangi nyekundu na krimu, akakipiga picha saa mbili usiku chini ya balbu ya sebuleni, akaituma. Mteja wa Nairobi akakipenda, akalipa, kikapakiwa kwenye matatu. Siku mbili baadaye simu ikalia.

"Mama, hiki sicho nilichokiona," mteja akasema. "Mimi niliagiza cha kahawia na manjano."

Mama wa watu aliitazama tena ile picha. Ni kweli, kwenye simu nyekundu ilikuwa kama matofali na krimu ilikuwa kama siagi. Ilimbidi arudishe pesa, na nauli ya mzigo kwenda na kurudi ikawa juu yake. Kiondo hakikuwa na kosa lolote. Msukaji hakuwa na kosa. Taa ndiyo iliyomwibia.

Kwa hivyo leo tutatengeneza taa ya meza. Si taa ya urembo. Ni taa ya kazi ya mikono, na papo hapo taa ya kupigia picha vile vitu ulivyovitengeneza. Gharama yake si kubwa ukitumia ulivyo navyo, na anayeweza kushika msumeno na bisibisi ataimaliza Jumamosi moja.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu kuliko kwingine, maana hii ni nchi ya mikono. Ukifuata barabara ya Machakos kuelekea Kitui utafika Wamunyu, ambako uchongaji wa vinyago umelisha familia kwa zaidi ya miaka 100. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Mutisya wa Munge, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyopiganwa kati ya 1914 na 1918, kisha akarudi nyumbani na ujuzi huo. Wachongaji hao hufanya kazi mchana chini ya miti, na jua huwapa taa ya bure. Lakini siku hizi mnunuzi haji tena na basi la watalii peke yake. Anakaa kwake, anatazama picha, anaamua. Mchongaji hodari mwenye picha mbaya atashindwa na mchongaji wa kubahatisha mwenye picha nzuri. Si haki, lakini ndivyo soko lilivyo.

Hebu kwanza tuelewane kuhusu mwanga wenyewe, maana wengi hudhani dawa ni kununua balbu kubwa zaidi.

Mwanga hupungua upesi sana kadiri unavyoenda mbali na chanzo chake. Ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaofika haubaki nusu, hubaki robo. Chukua balbu ya dari iliyo mita 2 kutoka kwenye magoti ya msukaji. Taa hiyo hiyo ukiisogeza hadi nusu mita, mwanga unaomfikia utakuwa mara 16 ya ule wa kwanza, bila kuongeza hata senti moja ya umeme. Kwa hivyo taa dhaifu iliyo karibu huishinda taa kali iliyo mbali. Hilo peke yake ni sababu tosha ya kuwa na taa ya meza.

Wazee wetu wanahitaji mwanga huo kuliko vijana. Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha kiasi cha theluthi moja tu ya mwanga unaopita katika jicho la kijana wa miaka 20. Kwa hivyo bibi anaposema haoni tundu la sindano ilhali wewe unaliona vizuri, usimcheke. Yuko katika chumba chenye giza mara tatu kuliko chako, ingawa mmeketi kiti kimoja. (Hata hivyo, mpeleke apimwe macho. Taa haitibu mtoto wa jicho.)

Jambo la pili ni ukubwa wa kitu kinachotoa mwanga. Chanzo kidogo, kama balbu iliyo uchi au flashi ya simu, hutoa vivuli vyeusi vyenye kingo kali kama vimekatwa kwa wembe. Chanzo kipana, kama dirisha siku ya mawingu, hutoa vivuli laini ambavyo huviona kwa shida. Wenzetu wa zamani walilijua hili kwa njia zao. Wafumaji wa lesi huko Ulaya, kabla ya umeme, waliweka chupa ya mviringo iliyojaa maji mbele ya mshumaa ili mwanga mdogo ukusanyike juu ya uzi. Sisi hatuna haja ya chupa. Tutatengeneza kijidirisha.

La tatu ni rangi, na hapa ndipo mama wa Mumbuni alipoumia. Mwanga mweupe si mweupe wote. Rangi yake hupimwa kwa kelvini, na kwenye pakiti huandikwa kwa herufi K. Balbu ya zamani ya waya, na nyingi za LED zinazoiiga, ni kiasi cha 2700K, mwanga wa manjano unaopendeza sebuleni. Mwanga wa mchana huwa 5000K hadi 6500K, mweupe na hata wenye ubuluu kidogo. Kwa kazi yetu tafuta ya 4000K au 5000K. Ukinunua ya 6500K utaona vizuri, lakini usiku wa manane chumba kitafanana na wodi ya hospitali, nami siipendi.

Kuna kipimo kingine ambacho wauzaji wengi hawakijui na ambacho kwa maoni yangu ni muhimu kuliko kelvini. Huandikwa CRI au Ra, na kilele chake ni 100. Kinaeleza jinsi taa inavyozionyesha rangi kwa uaminifu. Taa za LED za bei ya chini huwa karibu 80 au chini ya hapo. Kwa kusoma gazeti zinatosha. Kwa nyuzi nyekundu za kiondo hazitoshi, maana udhaifu wao mkubwa ni katika nyekundu iliyokolea, nayo hugeuka kahawia. Omba ya 90 au zaidi. Ikiwa pakiti haikuandikwa kitu, chukua kitambaa chekundu uende nacho dukani, umwombe muuzaji akuwashie, kisha utoke nacho nje kwenye kivuli ukilinganishe. Atakuona mtu wa ajabu. Mwache akuone hivyo.

Taa za LED tunazozungumzia zilipata nguvu baada ya Wajapani kuvumbua ile ya buluu inayong'aa vizuri, kazi iliyowapatia Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Bila ya buluu hakuna nyeupe: taa nyeupe nyingi ni ya buluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga kuwa manjano.

Sasa tuingie kazini.

Kumekuwa na mtindo wa kuchukua mkebe wa maziwa ya unga, kuutoboa, kuingiza holda ya balbu na kuunganisha moja kwa moja na soketi ya ukutani. Nimeziona taa hizo kwenye meza za wanafunzi, na zinapendeza kwa macho. Lakini umeme wa nyumbani kwetu ni volti 240, na mkebe ni bati. Siku waya utakapokwaruzwa na ukingo wa tundu, bati lote litakuwa na umeme, na mtoto atakayeishika taa hiyo akiwa peku juu ya sakafu ya saruji hatapewa nafasi ya pili. Mwenye kujua kazi huunganisha waya wa tatu, ule wa kijani na manjano, na bati lenyewe ili umeme uliopotea uende ardhini. Lakini nyumba ngapi zina waya wa ardhini unaofanya kazi kweli? Mimi siwezi kukuapia kuhusu ya kwako.

Kwa sababu hiyo taa yetu haitaguswa na volti 240 hata kidogo. Tutatumia volti 12.

Nenda kwa wauzaji wa vifaa vya umeme uulizie utepe wa taa za LED wa volti 12, ule ambao watu hupamba nao dari na vioo vya vinyozi. Huuzwa ukiwa umeviringishwa, na nyuma una gundi. Usichukue wa rangi zinazobadilika. Chukua mweupe mtupu, wenye taa 60 kwa kila mita. Utepe wa namna hiyo hukatwa kwa mkasi kila baada ya taa tatu, yaani kila sentimita 5, palipochorwa mstari. Ukikata pengine umeharibu kipande hicho.

Utahitaji mita moja, na utaikata vipande vitano vya sentimita 20. Tafuta bamba la alumini ambalo sakafu yake, kingo zikishakunjwa, itabaki kiasi cha sentimita 25 kwa 20. Hapa mafundi wa sufuria wa jua kali ni marafiki wakubwa, maana vipande vinavyobaki wanapokata sufuria huviona takataka. Mwambie, "Fundi, nikunjie kingo za pande nne kimo cha vidole vitatu," na utapata kitu kama trei ndogo. Alumini si ya urembo tu. Taa za LED hutoa joto upande wa nyuma, na zikikosa pa kulipeleka hufifia na kufa mapema. Ukizibandika juu ya mbao au katoni, usishangae zikichoka kabla ya mwaka.

Safisha trei kwa spiriti au sabuni, ikauke, kisha bandika vipande vitano sambamba. Kila kipande kina ncha mbili zenye alama, ya kujumlisha na ya kutoa. Unganisha kujumlisha zote pamoja na kutoa zote pamoja kwa vipande vya waya mwembamba na solda. Kama huna pasi ya solda, fundi yeyote wa redio atakufanyia kwa dakika 10. Angalia tu solda isiguse bamba, na funika viungo kwa tepu ya umeme.

Sasa nguvu. Utepe wa aina ya kawaida inayong'aa vizuri hula kiasi cha wati 14 kwa mita, yaani ampea 1 na kidogo juu yake. Unahitaji adapta ya volti 12 na ampea 2, ili isifanye kazi kwa kuhema. Kabla hujanunua, fungua kabati. Visanduku vingi vya intaneti vilivyokufa viliacha adapta zao nyuma, na nyingi ni za volti 12. Soma maandishi yake. Ikiwa imeandikwa ampea 1 tu, tumia vipande vitatu badala ya vitano. Ikiwa imeandikwa volti 9 au 19, irudishe kabatini. Ukiunganisha na taa zikakataa kuwaka, geuza nyaya mbili, yamkini umekosea kujumlisha na kutoa.

Weka swichi ndogo kwenye waya, mahali mkono unapofika. Taa isiyo na swichi ya karibu huachwa ikiwaka.

Kwa wanaohofia tokeni: taa hii ikiwaka saa 4 kila usiku kwa mwezi mzima haitamaliza yuniti mbili. Balbu ya zamani ya wati 100 ingekula 12.

Sehemu ya mwisho ya kichwa cha taa ndiyo inayoigeuza kuwa kijidirisha. Funika mdomo wa trei kwa kitu cheupe kinachopitisha mwanga bila kuonyesha taa moja moja. Karatasi ya kuokea keki inafaa. Kitambaa cheupe cha pamba kinafaa. Lakini kilichonifurahisha kuliko vyote ni ubavu wa mtungi mweupe wa maji wa lita 5, uliokatwa kwa mkasi na kunyooshwa. Hauchaniki, na ukichafuka unaoshwa. Uwe mbali na taa kiasi cha vidole vitatu, ndiyo sababu tulikunja kingo. Tafadhali usijaribu hivyo na balbu ya zamani ya waya. Hiyo hupata moto wa kuunguza karatasi, na nyumba huanza kuungua kwa mambo madogo kama hayo.

Tumebakiwa na mkono wa kuishikilia. Mwaka 1932 Mwingereza aitwaye George Carwardine, mhandisi wa springi za magari, alibuni taa ya meza yenye mkono unaokunjika na kubaki pale pale unapoachwa, ukishikiliwa na springi. Ndiyo mama wa taa zote za namna hiyo unazoziona maofisini. Springi zake zilihitaji hesabu, nasi hatutazihangaikia. Chukua vipande viwili vya mbao vya sentimita 40, vitoboe ncha, viunge kwa bolti, na katikati yake utie kipande cha tyubu ya baiskeli. Mpira huo ndio siri. Ukikaza nati, mbao hubaki palipoachwa bila kuteleza. Tafuta nati yenye masikio mawili, inayokazwa kwa vidole, usije ukahitaji spana kila unapotaka kuisogeza taa.

Kitako kiwe kizito kuliko unavyodhani. Mkebe wa rangi wa lita 4, uliojazwa nusu kwa kokoto na saruji huku mbao ya kwanza ikiwa imesimamishwa katikati, hautaangushwa na paka wala mtoto. Uache ukauke siku tatu, nawe usiwe na haraka.

Taa imesimama. Uiweke wapi? Anayetumia mkono wa kulia aiweke kushoto, na wa kushoto aiweke kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Kimo kiwe sentimita 40 au 50 juu ya kazi, na uso wa taa uinamishwe hata usiuone ukiwa umeketi. Ukiiona taa yenyewe machoni, imekaa vibaya. Na usizime taa ya chumba unapofanya kazi, maana jicho huchoka likitoka kwenye mwanga mkali na kuingia gizani kila unapoinua kichwa.

Katika kupiga picha, kinyume chake. Hapo zima taa nyingine zote na ushushe pazia. Simu ina akili ya kusahihisha rangi moja ya mwanga, lakini ikipewa manjano ya dari upande mmoja na buluu ya dirisha upande wa pili, hubabaika.

Chukua karatasi kubwa nyeupe ya manila, iegemeze ukutani na uiache ijikunje taratibu hadi mezani bila mkunjo mkali. Weka kiondo juu yake. Taa iwe ubavuni, imeinama kidogo, si mbele. Mwanga wa mbele hulaza kila kitu, lakini wa ubavuni huinua kila uzi, na mnunuzi huona jinsi ulivyosukwa kwa kubana. Upande wa pili simamisha kadibodi nyeupe irudishe mwanga kwenye kivuli. Simu iegemeze kwenye vitabu, uweke saa ya kujipiga ya sekunde 2 ili mkono usiitikise. Flashi izimwe.

Utagundua pia kwamba ile mistari myeusi inayopita kwenye picha na video za usiku imetoweka. Mistari hiyo huja na balbu zisizo nzuri, zinazopepesa mara 100 kwa sekunde kufuata umeme wa ukutani. Jicho haliioni, simu inaiona. Adapta nzuri hutoa umeme uliotulia, basi na taa hutulia.

Vinyago vya mpingo vina matata yao, na nimeulizwa mara nyingi. Mpingo ni mweusi na unang'aa. Ukiuweka juu ya karatasi nyeupe, simu huona weupe mwingi, hujipunguzia mwanga, na kinyago hugeuka kivuli kisicho na macho wala mdomo. Badala ya manila nyeupe tumia kitambaa cha kijivu. Taa iweke ubavuni na nyuma kidogo ya kinyago, ili ule weupe mpana wa kijidirisha uakisike kwenye ukingo wa shavu na bega kama mstari wa fedha. Mstari huo ndio unaoonyesha umbo. Kisha gusa kinyago kwenye kioo cha simu, uongeze mwanga kidogo. Muhugu, jakaranda na mwarobaini, ambazo wachongaji wamezigeukia zaidi kwa kuwa mpingo umeadimika, ni rahisi zaidi: rangi zao za maji ya kunde huipokea taa bila ubishi.

Na kabla hujamtumia mteja picha, fanya hivi. Subiri asubuhi. Toka nje na kiondo, simama kivulini, uweke simu ubavuni mwake na kutazama huku na huku. Zikifanana, tuma. Zisipofanana, fungua sehemu ya kurekebisha picha, usogeze rangi kuelekea buluu au manjano hadi zifanane. Mama wa Mumbuni sasa hufanya hivyo kabla ya kwenda sokoni, na aliniambia ya kwamba kwanza aliona ni uzembe wa watu wa mjini kupima rangi ya kiondo kana kwamba ni kitambaa cha suti. Kiondo chekundu na krimu alikipiga picha upya kwa taa yake. Kilinunuliwa na mtu wa Kisumu, na hakijarudi.

Wasomaji wa Masii, Kathiani na kwingineko wanaotumia sola wamebahatika, maana betri zao nyingi ni za volti 12 na taa hii hukubali kuunganishwa nazo bila adapta. Ila betri haina huruma. Nyaya mbili zikigusana, humwaga nguvu zake zote kwa mara moja na waya huwaka kama tambi. Tia fyuzi ya ampea 2 au 3 karibu kabisa na betri, upande wa kujumlisha. Ni kitu cha bei ndogo sana, na mafundi wa magari wanacho.

Swali la mwisho lilitoka kwa mwalimu mmoja mstaafu anayetengeneza saa, aliyetaka kujua kama anaweza kufunga lenzi ya kukuzia kwenye mkono huo huo. Ndiyo, mwalimu, ongeza mbao fupi ya tatu na bolti nyingine. Lakini ukimaliza kazi uifunike lenzi kwa kitambaa. Lenzi iliyoachwa mezani karibu na dirisha hukusanya jua la asubuhi mahali pamoja, na karatasi iliyo hapo chini inaweza kushika moto nawe uko kanisani.

Jumapili ijayo tutashughulikia kisanduku cha kuhifadhia nyuzi na mkonge visiliwe na panya. Mwenye mbinu yake asiyoisoma popote na atuandikie.